Kubana Matumizi, Kupanua Meza

Julai 5, 2024, baada ya vijana kuukataa Mswada wa Fedha barabarani, Rais William Ruto alitangaza kubana matumizi: mashirika 47 ya umma yavunjwe, washauri wapunguzwe nusu, magari mapya yasinunuliwe kwa miezi 12.

Mwezi haujaisha, vigogo wanne wa ODM, chama kilichokuwa kikiipigia serikali kelele za ubadhirifu, wakateuliwa mawaziri. Mwenyekiti wake, John Mbadi, akapewa Hazina yenyewe. Anayekukagua mfuko, mpe aushike!

Chama kikasisitiza hakijaingia serikalini. Watu wake tu ndio walioingia.

Washauri walipunguzwa kwa hotuba ya Ikulu. Wapinzani wakapungua wenyewe, na gari wakapewa. La zamani, bila shaka.