Sifa za Krikoaritenoidi

Wengine na wasifu dhahabu ya Bulyanhulu na mchele wa Kahama. Mimi nalisifu neno krikoaritenoidi, ambalo hapa Nyasubi, mjini Kahama, halijamnufaisha mtu isipokuwa mtunga mitihani ya utabibu.

Kwanza nasaba. Matabibu walioazima maneno ya Kigiriki walichungulia zoloto, wakakuta gegedu moja iliyoviringa mfano wa pete, na juu yake mbili zilizobetuka mfano wa upawa. Msuli unaoshika huku na huku ukabebeshwa pete na upawa kwa pamoja, na haujatuliwa mzigo huo hadi leo.

Lakini utukufu wenyewe umo kwenye silabi. Waingereza, pamoja na usomi wao, wamegawanyika: huyu anakaza kwenye "ri", yule kwenye "te", na kamusi zao zinawapa haki wote wawili. Kiswahili hakina muda wa kesi hiyo. Kri-ko-a-ri-te-no-i-di: silabi nane, kila irabu na kiti chake, na mkazo umekaa palepale pa siku zote, silabi ya pili kutoka mwisho, juu ya "i" ambayo Mwingereza kaibana na jirani yake. Asiyeelewana na "kr" huchomeka irabu, zikawa tisa. Na ulimi uliolelewa na Kisukuma, lugha inayoishi vizuri tu bila "r", hutoa kilikoalitenoidi, ambayo kwa kweli ni nzuri zaidi. Mtahini akinuna, shauri yake.

Mtauliza, neno refu hivi la nini? Msuli krikoaritenoidi wa nyuma ndio pekee unaozitanua nyuzi za sauti ili hewa ipite. Mwenzake wa pembeni huzisogeza karibu zipate kutetema. Mpiga debe wa stendi anayeita "Isaka, Tinde, Shinyanga!" huutumia ule wa nyuma kila avutapo pumzi, na tena kwenye sauti sighuna, "k" na "t" zikiwemo. Maana yake, ukilitamka neno hili sawasawa, mwenye jina anaitika mwenyewe kooni. Ni maneno mangapi yenye adabu hiyo?

Jioni sauti ikimkauka, mpiga debe hulilaumu vumbi na kuagiza chai ya tangawizi. Neno langu halimo hata kwenye lawama.