Ndugu Meneja, Naomba Kilo Moja ya Lumbesa

Ndugu Meneja wa duka kubwa lenye kiyoyozi,

Mimi ndiye mteja aliyeguna Jumamosi iliyopita mbele ya viazi vyenu vya shilingi 2,500 kilo, hadi kijana wenu wa mzani akaninong'oneza: "Mzee wangu, kama ghali si ukalime vyako?"

Ushauri mzuri. Bahati mbaya nimeshautekeleza. Nina nusu eka Njombe, na mwezi uliopita tulivuna. Gunia la viazi, pengine ndugu wa damu na hivyo vyenu, liliondoka kwa shilingi 65,000. Lumbesa, bila shaka. Kabla halijapakiwa nililipima kwa mzani wa kuazima: kilo 130. Dalali akaandika "gunia moja". Hiyo ni shilingi 500 kwa kilo, na humo humo utoe mbegu, mbolea, vibarua wa kupandishia matuta na dawa ya ukungu.

Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Zile 30 za juu ni sadaka. Nimezipigia hesabu kwa bei yenu: shilingi 75,000. Sadaka imeipita bei ya gunia zima.

Hivyo, kwa heshima na taadhima, naomba nami niuziwe kwa lumbesa. Nikiagiza kilo moja, kijana wenu ajaze mfuko wa kilo moja hadi shingoni, autikise viazi vikae, aongeze. Kisha auvishe kilemba cha wavu (ule wa vitunguu unafaa), akijaze nacho, apige goti juu yake mbele ya foleni nzima, ashone kwa shazia na kamba ya katani. Akimaliza, nitakizunguka kifurushi polepole, nitakibonyeza kwa kidole, nitasema bado kina nafasi. Risiti itoke: "Viazi, kilo 1." Akinung'unika, nitamwambia mzigo wake hauna soko siku hizi, nami nitawasha gari. Atakubali. Giza linaingia, na hakuna lori jingine litakalopita leo.

Mkisema huo ni wizi, mmesema kweli. Ni wizi. Mama yangu ana miaka 71. Anachimbua viazi hivyo kwenye baridi ya Juni, vidole vimepasuka, na kila msimu anaambiwa aongeze "kidogo tu, mama". Hamjawahi kumwambia mteja hata mmoja achukue kidogo tu cha juu. Hata mmoja!

Samahani, kalamu imeteleza. Najua hununui kwangu. Unanunua kwa aliyenunua kwa dalali. Najua pia kwamba lori linakunywa mafuta na kiyoyozi kinakula umeme.

Mengine ni madogo. Punguzeni zile taa juu ya viazi, vinageuka kijani na kuwa sumu. Kibao cha "Moja kwa moja kutoka kwa mkulima" kiondoeni, mkulima amekisoma. Wala msinishauri nilime hapa hapa Dar. Nilijaribu kwenye ndoo, nyuma ya nyumba: majani yalistawi ajabu, chini nikakuta gololi nne. Kiazi hakitaki joto.

Nitafika Jumamosi, saa nne asubuhi. Shazia nakuja nayo mwenyewe. Ninyi andaeni wavu tu.