Picha Saba za Mjukuu Wenu

Mama na Baba,

Nawaandikia ninyi huko Kahama kutoka huku Reading, Uingereza. Barua hii mdogo wangu aisome kwa sauti, na asiruke sehemu zinazomhusu yeye.

Mama, Jumapili uliniuliza kwa nini mjukuu wako ana miezi minne na bado hajapata pasipoti ya kuja kukuona. Jibu ni picha. Tulikuwa tumepiga saba, na zote zilikuwa zimekataliwa. Aliyezikataa hata si mtu, ni kompyuta.

Mnajua mimi si mgeni wa pasipoti saizi. Miaka miwili nilishika taa kwenye studio pale Katoro, kabla hamjaniuzia ng'ombe wa nauli. Ukutani tulikuwa na pazia lenye ndege, ghorofa na maporomoko ya maji, vyote pamoja, kwa wale wa picha za kumbukumbu. Wa vitambulisho tuliwashushia kitambaa cha bluu. Wachimbaji wa dhahabu walikuja duara likitema, wengine wametoka moja kwa moja kwenye karasha la kusaga mawe, uso mweupe kwa vumbi hadi kope. Tuliwapangusa kwa taulo bichi, tukawapaka poda kidogo kwenye paji ili wasing'ae, tukawavika koti. Koti lenyewe lilikuwa moja, jeusi, na tai yake ilikuwa ya mpira. Kuanzia kifuani kwenda juu unaona mkurugenzi, kwenda chini kaptura, ndala na tope la mwaloni wanakooshea dhahabu. Naamini hadi leo nusu ya vitambulisho vya Katoro vina koti lile lile.

Sasa huku serikali inamruhusu mtu kujipigia picha nyumbani kwa simu na kuipandisha mtandaoni. Mke wangu alitaka twende kwenye kibanda cha mashine, ulipe, ukae, utoke. Nikamwambia hela hiyo ni ya nepi, na kwamba ameolewa na fundi. Maneno hayo ananikumbusha kila siku.

Masharti yenyewe yanasomeka vizuri. Picha isipungue pikseli 600 kwa upana na 750 kwa urefu. Nyuma pawe na rangi moja hafifu, pasiwe na kivuli, mdoli wala chuchu ya mpira. Kuna huruma kidogo pia: mtoto wa chini ya miaka 6 haambiwi atulize uso, na ambaye hajafikisha mwaka anaweza hata kufumba macho. Ila lazima awe peke yake kwenye picha. Ukimshika kichwa, mkono wako usionekane. Mama, wewe umelea sita. Umewahi kuona mtoto wa miezi minne akikaa mwenyewe akingoja kupigwa picha?

Ya kwanza nilimlaza juu ya kanga ya Shangazi. Maandishi yakamtokea juu ya kichwa kama yale ya kioo cha nyuma cha daladala. Ya pili nilimfunika mke wangu shuka, nikampakata mtoto mapajani mwake, yaani mama mtu awe kiti. Kwenye picha mjukuu wenu ameketi juu ya kichuguu kinachopumua, na kidole gumba kinachungulia chini ya kidevu. Ya tatu ilikuwa ukutani, kikatokea kivuli kikubwa kuliko mtoto, ungesema ana pacha. Ya nne hadi ya sita ni kilio, sina la kuzieleza.

Ya saba ndiyo iliyoniuma. Nilimlaza kwenye shuka jeupe, nikawasha taa, nikapanda kitandani na kusimama juu yake miguu kando, kama mvuvi anayetaka kutupa wavu. Akatulia. Macho wazi, mdomo umefungwa. Nikajisemea: Katoro oyee! Kompyuta ikajibu kwamba picha ni duni. Kuitazama vizuri, shuka linang'aa na mtoto amekuwa kama mkaa. Baba, hilo nilipaswa kulijua. Simu ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, basi inapunguza, na anayeumia ni mwenye sura nyeusi. Katoro hatukuwahi kumpiga mtu kwenye kitambaa cheupe, na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Nikajifariji kwamba si sisi peke yetu. Mwaka 2016 kijana mmoja wa New Zealand mwenye asili ya Asia, Richard Lee, alipandisha picha yake ya pasipoti, na kompyuta ikamkatalia kwamba amefumba macho. Macho yalikuwa wazi, ndivyo alivyozaliwa. Dunia nzima ilicheka, naye mwenyewe akacheka.

Usiku ule nikaikumbuka almasi ya waridi ya mgodi wa Mwadui, hapo kwetu Shinyanga. Iliokotwa mwaka 1947 ikiwa na karati 54.5, na Dk. Williamson, mwenye mgodi, akamzawadia Elizabeth, ambaye wakati huo hakuwa bado malkia wa Uingereza, kwa ajili ya harusi yake. Ikachongwa hadi karati 23.6, ikawekwa kwenye pambo la kifuani. Mshinyanga mwenzetu yule aliingia Uingereza bila kuulizwa habari za kivuli.

Asubuhi mawingu yalitanda. Jina mlilompa la mvua linamfaa sana huku. Nikasukuma kitanda hadi dirishani, nikazima taa zote, nikatandika shuka la krimu badala ya jeupe. Mawingu ya Reading ni taa ya studio ya bure: mwanga unatoka kila upande na kivuli hakipati pa kukaa. Nikagusa uso wa mtoto kwenye kioo cha simu, kikatokea kijua kidogo, nikakisukuma juu hadi mashavu yakaonekana. Alikuwa ameshanyonya, kwa hiyo hakuwa na neno na mtu. Picha ya nane ikapita.

Mke wangu hajaipenda. Anasema mtoto amenuna kama Baba mwaka ule pamba ilipokosa bei. Na pasipoti ya mtoto huku ni ya miaka 5, kwa hiyo atakuwa ameshaanza shule na bado anasafiri na sura hiyo. Zile shanga za kiunoni ulizomtumia, Mama, alizivaa kwenye picha zote nane. Hazikuonekana, maana picha inaishia kifuani.

Sasa imebaki pasipoti ya Tanzania, ambayo pia ni haki yake, mpaka afike miaka 18 achague uraia mmoja. Kwetu nyuma pawe bluu. Shuka la krimu halina kazi tena.

Kwa hiyo mdogo wangu, umefika sehemu yako. Ukienda Katoro, pita pale studio. Kama kile kitambaa bado kipo, mwombe mwenye studio akukatie mita moja na nusu, ukitume pamoja na michembe ya viazi. Koti abaki nalo.