Yah: Tunabadilika (Mwongozo kwa Mwajiriwa Asiye na Habari)

Dalili ya kwanza haiji kwa barua. Huanzia jikoni. Siku moja chai ya saa nne inaletwa ya rangi, na ukimuuliza dada wa jikoni maziwa yako wapi, anaangalia pembeni. Wiki inayofuata maandazi yanahesabiwa. Mgeni atadhani maziwa yamepanda bei. Wewe uliyeshika mwongozo huu ujue kwamba ghorofani kuna mtu ameshaanza kuchora visanduku.

Visanduku hivyo ndivyo vinavyoitwa muundo mpya. Kwa mwajiri, kisanduku ni kisanduku: leo kipo, kesho kimefutwa, keshokutwa kimerudishwa kwa jina jingine. Kwako wewe kisanduku hichohicho ni kodi ya miezi sita, ada ya mtoto, na rejesho la mkopo ambao benki ilikupa kwa sababu tu ulikuwa ndani ya kisanduku. Mabosi nao hubadilika, tusiwaonee. Kitengo kinakuwa kurugenzi, meneja anakuwa mkurugenzi, na gari linanunuliwa jipya kwa kuwa la zamani haliendani na dira.

Jifunze kusikiliza sarufi. Kwenye kikao cha wafanyakazi wote, kitenzi huwa cha wingi: tunabadilika, tunasonga mbele, sisi ni familia. Huu ni msimu wa tisheti, kauli mbiu, na sambusa mbili kwa kila kichwa. Baadaye kidogo mtendaji anatoweka: imeonekana, imebidi, imeamuliwa. Hakuna aliyeamua, uamuzi umejiamua wenyewe. Kisha inakuja barua, na nafsi inahamia ya pili umoja: "Nimeelekezwa nikuarifu kuwa nafasi yako..." Hata aliyesaini hahusiki, ameelekezwa tu. Ukiona "Yah:" na mbele yake neno "uhuishaji", vuta kiti kwanza. Kuhuisha ni kutia uhai, na barua haisemi uhai wa nani.

Katikati ya misimu hiyo hupita mshauri mwelekezi. Huyu ni kijana mpole mwenye kompyuta ndogo na swali moja. Pale nilipokuwa nafanya kazi zamani (kampuni siitaji, haina maana tena), alimkuta mzee wetu wa stoo, mtu aliyekaa pale miaka 22. Stoo yake ungeweza kuingia gizani ukatoka na boliti unayoitaka. Kila rafu ilikuwa na kibao chake, alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Hivi mzee, ukiugua mwezi mzima, hapa kitaharibika kitu gani?"

Mzee akacheka kwa fahari. "Hakuna, mwanangu. Nimepanga vizuri. Hata wewe utaweza."

Kijana akaandika. Ripoti ilipotoka, kisanduku cha stoo hakikuwemo. Kwa hiyo zingatia: ukiulizwa swali hilo, shika kichwa, vuta pumzi, sema bila wewe jengo litaanguka. Jirani yake mzee, ambaye faili zake hakuna aliyewahi kuzielewa, yeye mwenyewe akiwemo, alipandishwa cheo.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo wengi hushikwa na kizunguzungu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hapa Tanzania inampa anayepunguzwa kiinua mgongo kisichopungua siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, mwisho miaka 10. Zidisha: siku 70. Mzee wa stoo alifanya kazi miaka 22, akahesabiwa 10. Ile mingine 12 aliifanya, nadhani, kwa mapenzi ya boliti. Na ni mshahara wa msingi, si posho ya nyumba, si ya usafiri, si ile nyongeza uliyoishangilia mwaka juzi ilipokuja kwa jina la posho. Wenzetu wa Kenya sheria yao ya 2007 inataka siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka, wala haitaji kikomo cha miaka 10. Mzee angezaliwa ng'ambo ya Namanga angekuwa na hesabu nyingine kabisa.

Sheria yetu hiyo ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri aseme mapema, mara tu wazo la kupunguza watu linapomjia, atoe taarifa zinazohusika, na ashauriane na wafanyakazi kabla ya kukata: kwa nini, kuna njia gani ya kuepuka, nani ataondoka na kwa vigezo gani, lini, kwa malipo gani. Utasema hukushauriwa. Jaribu kukumbuka. Siku ile ya sambusa kulikuwa na karatasi ya mahudhurio iliyozunguka, wewe ukasaini huku vidole vina mafuta. Ilikuwa na kichwa cha habari juu yake. Hukukisoma.

Jihadhari pia na neno hiari. "Kuondoka kwa hiari" maofisini kwetu ni hiari ileile ya mchango wa harusi: hulazimishwi, lakini jina lako lipo kwenye orodha na kiasi kimeshaandikwa. Na ukipewa kazi nyingine badala ya ile iliyofutwa, usiikatae kwa hasira, kwa sababu anayekataa bila sababu ya msingi anaweza kukikosa hata hicho kiinua mgongo.

Usidhani haya ni ya vikampuni vya mjini tu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, pamoja na mashirika yake ya reli, bandari, posta na simu, na ndege. Waajiri walikuwa watatu: Kenya, Uganda na Tanzania. Walitafutiwa msuluhishi, Victor Umbricht kutoka Uswisi, na mwaka 1984 wakasaini mkataba wa kugawana mali na madeni, kila nchi ikabeba jukumu la kuwalipa watu wake. Novemba 1999 wakasaini mkataba mwingine, wa kuirudisha Jumuiya, ukaanza kutumika Julai 2000. Yaani mwajiri alikufa, akazikwa, mirathi ikagawanywa, akafufuka na ofisi mpya Arusha, na wazee waliomtumikia upande wa Tanzania walikuwa bado wanadai. Walikwenda mahakamani. Baadaye tuliwaona Dar es Salaam wameketi katikati ya barabara, wengine na mikongojo, na foleni ya magari ikipiga honi nyuma yao.

Basi fanya hivi. Hati za mshahara na mkataba wako ziweke nyumbani, si kwenye droo ya ofisi ambayo ufunguo wake utaombwa siku ya mwisho. Usisaini siku unayopewa; sema unakwenda kumsomea mama watoto. Dai cheti cha utumishi. Ukiona umeonewa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ujaze fomu CMA F.1. Una siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa kazi. Mzee wa stoo alikwenda siku ya 41, kwa sababu zile za kwanza alizitumia kumwonyesha mrithi wake rafu.