Tuvalu Imo, Uganda Haimo

Kuagiza picha mtandaoni ukiwa Arua kunaanza kwa bashasha. Pakia picha zako, chagua ukubwa, chagua fremu, ukitaka chagua hata kikombe chenye sura ya shangazi yako. Umeshaingiwa na tamaa, ndipo inakuja fomu: namba ya nyumba, jina la mtaa, posta kodi. Posta kodi! Shangazi yangu wa Koboko anwani yake ni hii: shuka stendi, uliza kwa mama anayeuza kisra, atakupa mtoto akupeleke. Hilo halina kisanduku chake kwenye fomu.

Nikasema basi nianze na nchi. Orodha ikashuka vizuri, ikafika Tuvalu, ikaruka moja kwa moja hadi Ukraine. Tuvalu ni visiwa vyenye watu kama elfu kumi, na kule picha zinafika. Arua, ambayo ni jiji tangu Julai 2020, soko letu peke yake siku ya kujaa linaweza kuwameza hao wote na bado ukakanyagwa.

Chanzo cha haya yote ni shangazi mwenyewe. Picha za harusi ya binti yake ziko kwangu: ngoma ya doluka, vitambaa vya gurbaba vya kila rangi, wazee wakila bila kutazama kamera. Hachoki kunipigia.

"Mwanangu, picha ziko wapi?"

"Ziko mtandaoni, shangazi."

"Mtandaoni ni kwa nani?"

Nikanyamaza, maana jibu lake ni la aibu. Ni kwa watu wanaobadilisha masharti wageni wakishazoea. Google Photos walipoanza mwaka 2015 walisema pakieni bure bila kikomo, mradi mkubali picha zibanwe kidogo. Juni 1, 2021 kikomo kikaja: gigabaiti 15, nazo unagawana na barua pepe zako. Kodak, jina lililokuwa kwenye kila studio ya zamani, walifunga ghala lao la mtandaoni mwaka 2012. Photobucket ndio waliniacha mdomo wazi: mwaka 2017 walidai dola 399 kwa mwaka kwa anayetaka picha alizozihifadhi kwao zionekane kwenye tovuti nyingine. Kwa hela hiyo Koboko unanunua mbuzi kadhaa, na mbuzi huzaa.

Facebook, ambako nusu ya ukoo wetu ilikuwa imeanika watoto wake, serikali iliifunga Januari 2021 katika joto la uchaguzi. Tangu hapo, nikitaka kumwona binamu yangu anayekaa hapo Ediofe, nawasha VPN simu iamini niko Uholanzi. Mtu naweza kumfikia kwa boda; picha yake mpaka nipitie Ulaya.

Wakati huo wote kabati limekuwa likitunza picha bila makeke. Mwaka 2015, katika shirika la utangazaji la UBC kule Kampala, lilikutwa kabati lenye negativu kama 70,000 za wapigapicha wa serikali, nyingi za enzi za Amin, yule ambaye Koboko wanamhesabu mtu wa kwao. Nyingine hazikuwahi kutolewa picha hata mara moja. Mwaka 2019 watu wakatazama baadhi yake ukutani, Makumbusho ya Uganda. Miaka yote hiyo kabati halikuuliza nenosiri, wala halikumtumia mtu onyo kwamba nafasi imejaa.

Lakini na watu wa karatasi nisiwasifu kupita kiasi. Albamu ya shangazi ina masharti makali kuliko ya kampuni yoyote. Mgeni akiomba picha, hupewa, na picha hairudi. Akikosana na mtu, mkasi unapita. Kuna picha ya Idi ambamo mume wake wa zamani amebaki mkono tu, begani kwa shangazi, na wageni tumefundishwa kutouliza mkono ni wa nani.

Kwa hiyo nimeishia studio moja hapa mjini. Kijana alichukua flashi yangu, kompyuta yake ikagundua virusi, tukabishana virusi ni vya nani. Umeme ukakatika picha ya kwanza ikiwa njiani, bwana harusi akatoka mpaka kifuani. Uliporudi, kijana alikaza macho kwenye kioo.

"Mzee, huyu aliyesimama nyuma ya mama, mwenye kofia, ni wa familia?"

Nikaangalia. Alikuwa yule yule mwenye mkono. Nani alimwalika, sijui.

"Naweza kumfuta. Elfu tano tu, hataonekana kabisa."

Nikampigia shangazi nimweleze.

"Elfu tano?" akasema. "Mwambie amwache hapo hapo. Mkasi ninao."