Heshima kwa Mla Diski Asiyejulikana

Nzi alishasifiwa. Lucian wa Samosata alimtungia sifa kwa Kigiriki, akayataja mabawa yake na ujasiri wake kana kwamba anamtaja jemadari. Erasmus naye akausifu upumbavu, kitabu kikatoka 1511 na wenye akili wakakigombania. Sisi wenyewe tuna tondozi za ng'ombe, za mashujaa na za wapenzi. Aliyebaki bila wa kumsifu ni mmoja tu: yule anayekula nafasi ya diski ya kompyuta na asijulikane ni nani. Nitamsifu mimi, tena nitaanzia Makindu, maana huko anakula vizuri.

Makindu haikosi watu. Barabara kuu ya Nairobi–Mombasa inapita mjini, reli ya zamani inapita ubavuni, na Hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926 limewazoeza wasafiri kusimama hapo, wakala bila kulipa, na anayetaka kulala akalala. Ongeza hospitali, ongeza mahakama, ongeza wakulima wanaoshuka na mizigo yao, na utapata mji ambao kila saa kuna mtu anatafuta karatasi. Anayetafuta karatasi huenda saiba. Na kila karatasi inayotoka kwenye printa ya saiba huacha pacha wake ndani ya kompyuta.

Basi foleni ikishafika mlangoni, hasa mwisho wa Juni, watu wanapokimbilia kuwasilisha ritani za kodi kabla ya tarehe 30, ndipo mheshimiwa wetu hujitokeza. Haji kwa sura. Ule ufito wa buluu chini ya Diski C hugeuka mwekundu, skana inagoma, na Excel inakataa kuhifadhi ilichojaziwa.

"Mwaitu, mama yangu, ngoja kidogo. Kompyuta imejaa."

"Imejaa nini, kijana wangu? Juzi si ulinifanyia hapa hapa?"

"Hata mimi najiuliza. Sijaweka kitu."

Sijaweka kitu! Hakuna kauli iliyosikika zaidi mbele ya kompyuta, na uzuri wake ni kwamba kila anayeitoa anaiamini. Meneja wa benki huisema, mwanafunzi huisema, na mtu anayelinda seva elfu moja huisema usiku wa manane huku akijua kabisa atakayelaumiwa ni nani. Mla diski hana upendeleo. Mtaje kiongozi mwingine anayemfikia tajiri na maskini kwa ujumbe ule ule, bila kupitia kwa katibu wake.

Kabla ya sifa zake za kweli, tumwondolee kesi ya kusingiziwa. Mtu ananunua diski iliyoandikwa GB 500, anaichomeka, Windows inamwambia ana 465, na papo hapo anapiga kelele kwamba ameibiwa. Hakuibiwa. Kiwanda kinahesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows inahesabu 1,073,741,824, halafu inaandika neno lile lile. Gawanya mwenyewe uone. Wale wanaonunua kompyuta ndogo za mitumba zenye diski ya GB 128 watapata 119 kwa hesabu hiyo hiyo. Mheshimiwa hajagusa hata punje, ila lawama ameshazibeba na hajawahi kulalamika. Huo ni uvumilivu ambao nimeuona kwa punda tu.

Sasa tuje kwenye unyenyekevu wake. Fungua Diski C, kusanya folda zote unazoziona, tazama ukubwa wake, jumlisha. Unapata GB 60. Kompyuta inasema zimetumika 100. Hizo 40 ziko wapi? Ziko hapo hapo, zimeinamisha vichwa. Kuna faili liitwalo hiberfil.sys, ambalo kazi yake ni kushika yote yaliyo kwenye kumbukumbu ya kompyuta inapoingia usingizi mzito; mashine yenye RAM ya GB 8 huweza kulitengea GB 3 au zaidi, na halionekani mpaka uamuru mafaili ya mfumo yaonyeshwe. Kuna pagefile.sys, akiba ya kuazima pale RAM inapozidiwa. Na kuna folda ya System Volume Information, ambamo hukaa nakala za kurejesha mfumo. Ukijaribu kuifungua hiyo, hata ukiwa ndiye msimamizi wa mashine, unaambiwa huna ruhusa. Mwenye nyumba anabisha mlango wa chumba chake mwenyewe na anajibiwa kutoka ndani kwamba hatambuliwi! Watu wanatafuta unyenyekevu kwenye vitabu.

Lakini sifa inayonitoa jasho ni bidii yake. Chukua kompyuta ya Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 14, 2020, na ambayo yenyewe haijaacha kuhudumia watu. Ndani yake kuna daftari la matukio liitwalo CBS.log. Kila sasisho au sehemu ya Windows inayosakinishwa au kukataa kusakinishwa huandikwa humo, mstari kwa mstari. Daftari likinenepa, hutumwa programu ya kulikandamiza lichukue nafasi ndogo. Ni jambo jema. Ila programu hiyo haiwezi kubeba faili lililozidi GB 2, na daftari likishavuka hapo kazi inakwama njiani. Kinachobaki ni kipande cha kama MB 100 ndani ya folda ya Temp, jina lake linaanza na cab. Baadaye programu inarudi, inalikuta daftari bado nene, inajaribu tena, inashindwa tena, inaacha kipande kingine. Haikati tamaa. Haimwambii mtu. Haidai marupurupu. Inaendelea mpaka diski nzima ijae vipande vya jitihada ya kupunguza matumizi ya diski. Nimezisoma ripoti za kamati za kubana matumizi zilizofanya kazi kwa mtindo huu huu, lakini kamati hizo zililipwa posho.

Dawa ni kulifuta daftari lenyewe pamoja na vipande vyake. Anayefuta vipande na kuliacha daftari amempa mheshimiwa likizo fupi tu.

Kwenye seva, ambako wengi hutumia Linux, amefikia daraja la juu zaidi. Huko kuna amri mbili za kuuliza nafasi. Ya kwanza, df, huuliza mfumo wa mafaili wenyewe: umetoa nafasi kiasi gani? Ya pili, du, hupita folda kwa folda ikihesabu kila faili inaloliona. Mara nyingine df inasema diski imejaa pomoni, na du inahesabu nusu yake tu, na zote mbili zinasema kweli. Kilichotokea ni kwamba mtu alifuta faili kubwa huku programu fulani ikiwa bado imelishika. Jina limeondoka kwenye orodha, ila faili lipo na linaendelea kunenepa, maana mfumo hauwezi kuichukua nafasi mpaka programu iachilie. Tumezoea mfanyakazi hewa wa serikalini, ambaye ana jina bila mwili. Huyu ana mwili bila jina, na mshahara anapokea vile vile. Amri ya lsof humtoa mafichoni, na ukiizima programu na kuiwasha upya anaondoka bila kudai kiinua mgongo. Laiti wale wa serikalini wangeondoka hivyo.

Kuna wanaodhani ninatania ninapomwita mfadhili wa elimu. Wasikilize hili. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Maryland kule Marekani, maabara ya Ben Shneiderman ilikuwa na diski ya MB 80 iliyotumiwa na watu 14. Ikajaa. Nani amekula? Kila mmoja, bila shaka, hakuweka kitu. Shneiderman aliona michoro ya mti ya folda inakuwa mikubwa mno isifae, akaanza kutafuta namna ya kuiona diski nzima kwa mara moja. Akaja na wazo la kuugawa mstatili mmoja vipande, kila folda ipate eneo linalolingana na ukubwa wake, na ndani yake folda ndogo zigawane hilo eneo tena. Mkubwa anaonekana kwa macho, huhitaji kusoma. Leo michoro ya namna hiyo huonyesha bajeti za serikali na masoko ya hisa magazetini, na wanaoitazama hawajui kwamba asili yake ni watu 14 waliogawana megabaiti 80, kiasi ambacho video moja ya harusi kwenye simu hukipita kabla bibi harusi hajaketi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Programu ya bure ya WinDirStat inachora diski yako kwa mtindo huo, na hapa nashauri saiba ya Makindu iiwashe siku moja baada ya kufunga. Iwashwe kwa ruhusa ya msimamizi, la sivyo baadhi ya vyumba vilivyofungwa havitahesabiwa. Kisha vuta kiti utazame.

Utaona bonge la video: filamu zilizotafsiriwa na DJ Afro, zilizowekwa ili mteja mwenye flashi asiondoke mkono mtupu. Utaona ile fomu ya Excel ya kodi, imepakuliwa upya kwa kila mteja, kila nakala na namba yake kwenye mabano, kwa kuwa kuipakua tena ni rahisi kuliko kukumbuka iliko. Utaona programu za mazishi, na hizi zina historia yake. Mchapaji haanzi ukurasa mtupu. Anafungua ya marehemu wa wiki iliyopita, anafuta jina, anaweka jipya, anabadilisha picha, anaacha nyimbo na ratiba zilivyo. Kwa hiyo hafuti hata moja, maana kila marehemu ni kielelezo cha atakayefuata, na picha zote ziko humo kwa ukubwa wake wa asili, kama zilivyotoka kwenye simu ya mpwa.

Halafu pembeni kuna folda ya skana. Vipande vyake ni vidogo, vingi mno, rangi moja, kama vumbi la barabarani. Hiyo ifungue polepole. Humo mna vitambulisho mbele na nyuma, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya mtihani wa KCSE, PIN za kodi, hatimiliki za mashamba, barua za hospitali. Za mwaka huu na za miaka iliyopita. Za wenyeji, na za dereva aliyesimama mara moja kuchapa stakabadhi akaendelea na safari ya Mombasa. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo zenyewe ni za wateja.

Huu ndio utumishi mkubwa wa mla diski, na ndiyo sababu hasa nimemwandikia. Asingejaza, nani angeingia folda hiyo? Diski ya terabaiti nyingi ingemeza vitambulisho vya tarafa nzima kimya kimya, na siku kompyuta inauzwa kwa mtu wa mitumba, vingeenda nayo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inakataza kukaa na taarifa za mtu kwa muda unaozidi haja iliyomfanya azitoe. Haja ya mama aliyeleta kitambulisho kuskaniwa iliisha alipopokea karatasi yake na kurudishiwa chenji. Sheria imesema hivyo kwa lugha ya mawakili. Ufito mwekundu unaisema kwa lugha ambayo kila mhudumu wa saiba huielewa, na papo hapo hutii.

Wanaoona dawa ni kununua diski kubwa zaidi wanamdharau mtu aliyewaletea habari. Diski ya kwanza ya kibiashara, ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na uzito wa kama tani moja na ilibeba karibu herufi milioni 5, sawa na picha moja ya simu. Tangu hapo zimekua bila kupumzika, na mheshimiwa amekua nazo.

Kwa hiyo ukiskani kitambulisho Makindu, Emali au Kibwezi, usinyanyuke kitini ukishalipa. Mwombe mhudumu, kwa adabu, afute faili lako mbele yako, kwenye folda ya skana na kwenye ile ya vilivyopakuliwa, kisha amwage na pipa la taka la kompyuta, kwa sababu kilichotupwa pipani bado kiko diskini. Kama uliingia WhatsApp au barua pepe hapo, toka kabisa kwenye akaunti. Nawe mhudumu, usikasirike ukiombwa. Umepunguziwa kazi.