Mhazini Hapendwi

Kuna kazi moja ambayo haimo katika barua yangu ya ajira, nayo ndiyo iliyompandisha cheo mwenzangu. Kazi yenyewe ni kupendwa. Ina saa zake, tangu asubuhi mpaka chai, na mimi saa hizo huwa nimeinamia mizani.

Nipo ghalani, Kasese mjini, kwa mnunuzi wa kahawa nisiyemtaja kwa sababu mshahara wa mwezi huu haujaingia. Druga, yaani kahawa inayoanikwa na maganda yake, inashuka kutoka milimani Rwenzori, nami kazi yangu ni kuchota kiganja na kukimimina kwenye kipima unyevu. Unyevu ukizidi asilimia 13, gunia linarudi juani. Hapo ndipo marafiki wanapokwisha. Mzee ametoka Kyarumba, kalipia pikipiki, halafu mtu mwenye uso kama risiti anamwambia, "Baba, bado mbichi." Nani atampenda mtu wa namna hiyo? Hata mbwa wa ghala hunipita mbali.

Mwenzangu, ambaye nitamwita Mpendwa, hana haja na kipima. Ana mdomo. "Papa, mguu wa mama umepona? Na yule binti aliyekuwa anasomea uuguzi?" Papa akimaliza kujibu, gunia limeshapita. Baada ya siku chache ghala linanuka ukungu, na anayeitwa kutandaza turubai ni yule asiye na watu wa kuwasalimia.

Mambo haya yana wataalamu wake. Juni 2005 jarida la Harvard Business Review lilichapisha makala ya Tiziana Casciaro na Miguel Sousa Lobo, waliochunguza watu maofisini huchagua kufanya kazi na nani. Ukiwauliza, kila mmoja anajidai kumfuata mjuzi. Ukitazama wanachofanya, mjuzi asiyependwa wanamkwepa, na anayependwa wanamtafuta hata kama ujuzi wake ni wa kuokoteza.

Sisi hatukuhitaji Harvard. Julai 2018, baada ya miaka 17 bila uchaguzi wa LC1, yaani baraza la kijiji, Uganda nzima tulichagua wenyeviti wa vijiji kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Hakuna karatasi, hakuna siri: unampenda, unasimama mgongoni kwake, jua likupige. Kijijini kwetu mmoja wa wagombea alikuwa anajua mpaka wa kila shamba, mti kwa mti. Nyuma yake walisimama ndugu zake, tena si wote. Mkewe alionekana mstari wa pili, akasema alikuwa amefuata kivuli. Aliyeshinda ni yule asiyekosa msiba hata mmoja, ambaye akifika huvua koti na kubeba madumu ya maji. Mimi nilisimama wapi? Kura ni siri yangu, ingawa kijiji kizima kiliniona.

Lakini mahali pa kupandia cheo hasa ni vikao vya harusi. Huko Mpendwa huwa mwenyekiti, mimi mhazini. Mhazini huchaguliwa kwa sauti moja na hakuna anayepiga makofi. "Mpeni huyu, hakopeshi." Basi bosi wetu, mjomba wa bibi harusi, akakaa pale jioni baada ya jioni akimsikia Mpendwa akiwachekesha watu mpaka wanaahidi mbuzi, kisha akinisikia mimi nikisoma majina ya ambao mbuzi wao hawajafika. Tawi la Bwera lilipotaka meneja, mnadhani alimkumbuka nani?

Jumanne moja nikatumwa Bwera kukagua vitabu vya Mpendwa na kahawa yake. Nilikwenda kwa furaha, sifichi. Zaidi ya kilomita 50 ndani ya teksi, kupitia Kikorongo, kuku wa mtu mapajani, nami njia nzima natunga ripoti. Ilikuwa siku ya soko la Mpondwe, pale mpakani, Wakongo wamevuka mto Lhubiriha kwa wingi. Kwa Mpendwa foleni ilifika barabarani. Alikuwa anacheka Kikonzo na wa huku, Kinande na wa Butembo, Kiswahili cha Kongo na yeyote aliyebaki. Jirani yake alikuwa ananunua kwa bei ya juu kidogo, na amesinzia.

Nikatoa kipima. Gunia la kwanza, 13. La pili, 12. Nikachota chini kabisa ya la tatu, nikitumaini. 12.

"Umewafanyaje hawa watu?" nikamuuliza.

"Kaka, mimi ninawaambia tu: anikeni vizuri, la sivyo yule wa Kasese atakuja. Wanakujua."

Kumbe! Mimi ndiye niliyekausha kahawa ya Bwera, bila kufika Bwera. Wao wanapendana huko, na chuki yote imewekwa kwenye akaunti yangu, isiyo na riba.

Kwa hiyo nimemwandikia bosi. Sitaki cheo, cheo kingenilazimu kuuliza habari za miguu ya watu. Naomba posho ya kuchukiwa, ilipwe pamoja na mshahara, na turubai jipya. Jibu halijaja. Nawe mkulima unayesoma hapa, usianike kahawa kwenye udongo, na usiilete kabla haijalia ukiitikisa. Soko la Mpondwe lipo Ijumaa pia, na nauli ninayo.